Hatua Sabini Kutoka Josho la Ng'ombe

Kahama, Jumamosi jioni. Upepo wa kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno, na goti langu la kulia limevimba kama andazi.

Nina furaha. Naiandika mapema kabla goti halijanibadilisha mawazo.

Mama Zuhura, mke wangu, ameniona naingia na suruali yenye udongo mwekundu mpaka mapajani, akaniuliza kama nimeanza kutafuta dhahabu uzeeni. Nikamwambia nimetoka kwenye kazi ya usimamizi wa mtandao. "Kumbe mtandao una udongo siku hizi," akasema, akanielekeza bafuni. Sikubishana. Ushindi wa leo ni mrefu, hauwezi kuelezwa na mtu aliyesimama mlangoni na kandambili mkononi.

Basi nauelezea hapa.

Wengi mnaonisoma mnanijua kama fundi wa printa mwenye maneno mengi. Hamjui kwamba zamani nilikuwa mkubwa. Nilikuwa Msimamizi Mkuu wa Kijiwe cha Vumbi, jukwaa la mtandaoni la watu wa Shinyanga, Kahama, Bukombe na Geita. Programu yake ilikuwa ya bure, rangi yake samawati iliyopauka kama sare ya shule iliyofuliwa sana. Niliisimika mwenyewe kwa wiki tatu, nikifuata maelekezo nisiyoyaelewa, na siku ilipokubali kufunguka nilipiga kelele mpaka jirani akaja na jembe akidhani nimeona nyoka.

Siwezi kuwaeleza vijana utamu wake nikaeleweka, lakini ngoja nijaribu. Kila mtu alikuwa na jina la kubuni, kapicha kadogo pembeni, na maneno ya busara chini ya kila ujumbe, mengi ya kuazima. Kulikuwa na vyeo. Ukiingia ulikuwa Mpita Njia, ukiandika sana ukawa Mkaa Kijiweni, ukifikisha ujumbe mia tano ukaitwa Mkongwe. Bwana mmoja, daktari wa mifugo, aliutamani ukongwe akaandika "asante" mara arobaini kwa siku moja, hata kwa watu waliokuwa wakimtukana.

Uliuliza swali Jumatatu, ukajibiwa Alhamisi, kwa sababu mwenye jibu alikuwa anasubiri safari ya Ushirombo ndipo akae mbele ya kompyuta. Na kwa kuwa alikuwa amelifikiria jibu lake tangu Jumatatu, lilikuwa jibu kweli. Ulilikuta mahali pake mwaka wa pili, na wa tatu. Siku hizi tuna magrupu ya simu. Mtu anakuletea sauti ya dakika saba akiwa anatafuna, na kesho yake hata yeye mwenyewe hawezi kuipata. Nimeuliza dawa ya viwavi kwenye grupu la ukoo, nikaletewa maua ya asubuhi njema kumi na moja.

Sasa ungamo.

Mimi nilikuwa dikteta.

Programu ile ilinipa vitufe vinne: Funga, Hamisha, Futa na Fungia. Nyumbani sikuwa na amri hata juu ya rimoti, lakini Kijiweni nilikuwa na vitufe vinne. Niliandika sheria kumi na tisa. Namba saba, niliyoipenda kuliko zote, ilisema kila ujumbe uhusiane na mada ya ukumbi wake. Uliokosea niliuhamishia ukumbi wa mwisho kabisa, unaoitwa Kapu la Takataka. Kila mwisho wa mwaka nililisafisha Kapu, yaani nilifuta kila kilichomo, ili kuokoa nafasi. Nilijiona nafagia msikiti.

Kijiwe kilikufa taratibu simu zilipokuja. Nikakizima, nikakiweka kwenye diski, diski nikaiweka kabatini chini ya magazeti. Nilidhani ndiyo basi.

Jumatano ya wiki hii akanipigia Mwalimu Paskali. Huyu ni mkuu wa shule ya msingi kwenye kijiji kimoja mbele ya Runzewe. Zamani Kijiweni alijiita Chaki. Ni Mkatoliki wa kizazi cha misheni, mtu mtaratibu ambaye hata akiwa na haraka anaanza na habari za mifugo. Safari hii hakuuliza mifugo.

"Msimamizi, Jumatatu tunachimba msingi wa madarasa mawili," akasema. "Wazee wawili wamegombana hapa mbele ya kamati. Mmoja anasema kiwanja kina duara la zamani, lilifukiwa. Mwingine anasema lile duara liko ng'ambo ya kijito. Kamati imechoka, inataka kuchimba."

Kwa asiyejua, duara ni shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Linashuka wima, hata mita thelathini, kisha linagawanyika kama mizizi. Dhahabu ikiisha wanatupia magogo mdomoni, wanashindilia udongo juu, wanahama. Majani yanaota. Magogo yanaoza yakiwa huko chini, kimyakimya, mpaka siku yanapopewa mzigo.

Na mzigo waliotaka kulibebesha ni kuta za tofali na watoto tisini.

Paskali alisema walishapiga nondo sehemu mbili tatu, ikagonga mwamba, wengi wakaridhika. Yeye hakuridhika. Alikumbuka kwamba miaka ile kuna mchimbaji aliandika Kijiweni maduara yote ya upande ule yalipo, moja moja. "Nitafutie ule uzi, yale maandishi yake, kabla ya Jumatatu. Nikienda mikono mitupu watanishinda kwa kura."

Alhamisi nikaitoa diski chini ya magazeti. Ikawaka! Nilicheza kidogo pale chumbani, nakiri. Saa mbili baadaye Kijiwe cha Vumbi kilikuwa wazi mbele yangu na samawati yake, na vikaragosi vyake vinavyopepesa macho, na madai ya daktari wa mifugo kwamba Mkongwe ni yeye. Nikaandika "duara" kwenye kisanduku cha kutafuta. Yakaja majibu mengi: nani kapata, nani kazama, nani kaoa mke wa tatu kwa dhahabu ya kuazima. Uzi wa Paskali haukuwemo.

Nikapekua kurasa zote, ukumbi kwa ukumbi, mpaka wa mwisho. Huko nikakuta tangazo moja tu, la kwangu, na kikaragosi kinachopiga makofi: "Kapu la Takataka limesafishwa. Tudumishe usafi."

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mchimbaji. Alijiita Kandambili. Aliandika bila nukta wala mkato, mistari arobaini, kwenye ukumbi wa siasa. Nikamhamisha kwa sheria namba saba. Kisha Desemba nikafagia.

Nilikaa pale nikitazama vile vikono vinavyopiga makofi. Sijawahi kupongezwa vibaya namna ile.

Nikampigia Paskali nikamwambia ukweli. Akasema yupo mtu mmoja aliyekuwa na mazoea ya kuzihifadhi kurasa zetu. "Lakini wewe huwezi kwenda kwake."

"Kwa nini nisiende?"

"Ni Sindano."

Ungamo la pili, na hili ni zito zaidi.

Sindano alikuwa bora kuliko sisi sote. Kiswahili chake kilikuwa safi kiasi kwamba nilidhani ni mtu wa Tanga. Baba yangu alipofariki niliweka tangazo Kijiweni, nikataja kwamba mzee ni Mzaramo wa Kisarawe aliyeishi Kahama maisha yake yote, na anazikwa hapahapa. Watu wakaandika pole. Sindano akaandika hivi: "Huyo Mzaramo hazikwi mpaka tupewe jogoo wake. Na kaburi lishindiliwe sawasawa, Wazaramo wakisikia ngoma huamka."

Nikamfungia maisha, asiandike tena Kijiweni. Kwenye nafasi ya sababu nikaandika: "Kukosa adabu msibani."

Asubuhi ya siku ileile, pale makaburini, majirani zangu Wasukuma walikuwa wamekaa ukingoni mwa kaburi wakikataa tusizike mpaka wapewe jogoo. Ndiyo haki yao. Msukuma na Mzaramo ni watani, na kwenye msiba mtani ana kazi ya kuwachekesha wafiwa. Nikacheka, nikawapa jogoo, nikafutwa machozi kwa upande wa kanga. Mchana nikarudi nyumbani nikamfungia mtu maisha kwa utani uleule. Uso wake sikuuona, kabila lake sikulijua, jina lilikuwa Sindano tu. Baada ya wiki mbili nikaambiwa ni mama wa Kisukuma wa Kagongwa, mwenye kafe ya intaneti. Nilikuwa na kitufe cha kumfungulia. Nikaona haya kukibonyeza. Nikaona haya miaka yote hii.

Ijumaa baada ya swala nikaenda Kagongwa.

Siku hizi anaitwa Mama Kulwa, ana duka la pembejeo, mbegu na dawa za pamba. Nikapiga hodi. Sauti ikauliza nani, nikajibu, "Msimamizi wa Kijiwe cha Vumbi."

"Mimi nimefungiwa maisha," sauti ikasema kutoka nyuma ya magunia. "Siruhusiwi kuongea na wewe."

Akatokea. Mama mfupi, miwani kwenye paji la uso, mwenye macho ya mtu aliyesubiri jambo hili na kulifanyia mazoezi. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

"Radhi ya nini? Sababu si uliiandika? Msiba wa baba yako, mimi Msukuma, wewe Mzaramo. Nani alikosa adabu?"

"Mimi."

"Pandisha sauti, wateja hawakusikia."

Nikapandisha. Nilidhani yameisha. Mama Kulwa akavua kanga begani, akajifunga kichwani, akaketi chini katikati ya mlango wake mwenyewe, miguu kaitandaza, akaanza kumlilia baba yangu. "Uwii, Mzaramo wa watu! Umekwenda, ngoma umemwachia nani? Umemwachia huyu? Huyu hata kiuno hana!" Mzee mmoja aliyekuja kununua mbegu za alizeti akaelewa mara moja kinachoendelea. Akainuka, akanivua kofia, akaivaa. "Hii ya marehemu," akatangaza, "tumerithi." Sijarudishiwa mpaka sasa. Duka zima likacheka, na mimi nikacheka, kisha nikagundua siwezi kuacha, kisha nikagundua sicheki tena. Mama Kulwa akanyamaza, akanipa ule upande wa kanga.

"Haya, mzee wako amezikwa sasa," akasema. "Unataka nini?"

Akaniletea kopo la biskuti lililojaa CD, kila moja na maandishi ya kalamu ya wino mzito. Nilipomfungia, hakuweza kuandika, lakini programu ile ilimruhusu kusoma kama mgeni. Basi kila Ijumaa, kafe ikitulia, alihifadhi kila ukurasa wa Kijiwe, Kapu la Takataka likiwemo. "Huko ndiko kulikuwa na maneno matamu," akasema. "Na nilijua siku moja yule mjinga atapoteza kitu, atanijia."

Sikuuliza yule mjinga ni nani.

CD ya kwanza iligoma, ya pili iligoma, ya tatu ikasoma. Na uzi ulikuwemo. Naunakili kama ulivyo, kwa sababu nina deni la heshima kwa mwandishi wake:

"Wakubwa shikamooni mimi nimeacha kazi ya kuchimba sasa nalima naandika haya kwa sababu tumefukia maduara manane na juu hapaonekani kitu asije mtu akazama na damu ikawa juu yangu la kwanza simama kona ya josho la ng'ombe ile iliyovunjika upe mgongo mlima tembea hatua sabini hatua zangu mimi goti la kulia halikunji"

Kisha la pili, la tatu, mpaka la nane. Chini yake kulikuwa na jibu moja tu. "Ndugu Kandambili, ukumbi huu ni wa siasa. Soma sheria namba saba. Msimamizi Mkuu."

Mama Kulwa alilisoma kwa sauti. Mara mbili. Halafu akafunga duka, akaniambia kesho yake asubuhi tutakwenda kwa pikapu yake, maana kuniamini mimi na karatasi tuliyouchapia uzi hawezi.

Leo saa nne asubuhi tulikuwa shuleni. Kamati nzima ilikuwepo, wazee wale wawili hawasalimiani, na vigingi vilishachomekwa, kamba zimevutwa, nyumba mbili za hewa zimechorwa ardhini. Josho lilikuwepo pia, limekauka, na kona moja imevunjika. Nilitaka kulibusu.

Mwalimu wa michezo, kijana mrefu kama mlingoti wa bendera, akaupa mgongo mlima akatembea hatua sabini. Akaishia katikati ya shamba la mihogo la watu. Fundi akapiga nondo. Mwamba. Mwenyekiti wa kamati akamtazama Paskali jinsi mtu anavyomtazama aliyempotezea Jumamosi. "Mwalimu, tumekusikiliza," akasema. "Jumatatu tunachimba." Nikaona kura inaondoka.

"Ngojeni," Mama Kulwa akasema. Akashusha miwani, akasoma tena ile karatasi, polepole, mpaka mwisho: hatua zangu mimi, goti la kulia halikunji.

Akanigeukia. Paskali akanigeukia. Tangu nishuke kwenye pikapu nilikuwa nachechemea kwa goti langu la kulia, bovu la siku nyingi.

"Mtani," Mama Kulwa akasema, "leo Mungu amekupa cheo."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake goti hili lilihitajika na umma. Nikasimama konani, nikaupa mgongo mlima, nikanyoosha mguu wa kulia kama ubao, nikaanza. Watu wakahesabu nyuma yangu. Kufika ishirini walikuwa wanacheka. Kufika arobaini walikuwa wanahesabu kwa sauti moja. Hatua ya hamsini na tano nikaivuka kamba ya chumba cha pili, nikasikia sauti zinapungua. Sabini ikaniangukia ndani ya darasa, mbele kabisa, pale ambapo mwalimu angesimama kufundisha.

Wakanitoa haraka. Fundi akajifunga kamba kiunoni, wanaume wanne wakaishika, akashindilia nondo kwa nyundo. Ikaingia mkono mmoja, ikagoma. Akainama kuangalia ncha: vipande vya gogo, vyeusi, laini kama keki. Akapiga tena mara tatu.

Nondo ikapotea.

Ikapotea yote, tukabaki tunatazama kitundu. Kisha tukasikia kokoto zikianguka, zikigonga, zikianguka tena, kwa muda mrefu sana. Mama mmoja wa kamati ndiye aliyeanza vigelegele, na mwenyekiti, yuleyule, akaenda mwenyewe kung'oa vigingi. Mzee aliyesema duara liko ng'ambo ya kijito akampa mkono mwenzake. "Umenishinda," akasema, "lakini ng'ambo nako lipo." Lipo kweli. Ni la tano kwenye orodha ya Kandambili.

Madarasa yanahamia upande wa uwanja wa mpira, na kabla hawajachimba watapima pale kwa nondo ndefu kila hatua mbili. Uwanja utapungua, na darasa la saba wameshanuna. Wanune wakiwa hai.

Nimekaa sasa mbele ya diski yangu. Kijiwe kiko wazi. Nimekwenda kwenye orodha ya waliofungiwa, nikamkuta Sindano, nikabonyeza. Programu imeniuliza sababu ya kumfungulia, maana ile ni programu yenye adabu kuliko mwenyewe. Nimeandika: "Msimamizi alikosea." Wiki ijayo tutazirudisha mtandaoni kurasa zote za kwenye kopo, yeye akiwa na vitufe vinne, mimi nikiwa Mpita Njia. Hilo lilikuwa sharti lake, na sikuwa na kura.

Uzi wa Kandambili nimeshaurudisha, kutoka kwenye CD, na nimeubandika juu kabisa, mahali pa matangazo. Miaka yote hii chini yake kulikuwa na jibu moja la kijinga. Nimelifuta, na hicho ndicho kitufe cha mwisho nilichobonyeza kwa mamlaka yangu. Mahali pake nimeandika hivi:

Ndugu Kandambili, marahaba. Samahani kwa kuchelewa kukujibu. La kwanza tumelipata, palepale uliposema, na hakuna aliyezama. Yamebaki saba. Goti linauma, lakini Jumanne nitakuwa joshoni saa moja asubuhi.